Kufuma hifadhi: sindano, uzi na njia ya Tarangire mpaka Serengeti

Ijumaa, Tarangire

Tumeingia getini asubuhi na mi nilishaanzisha vitanzi 44 toka tukiwa kwenye lami, manake nilijua nikishafika ndani ntabaki naangalia dirishani tu. Mpango wenyewe ni hivi: blanketi la vipande, kila kipande mraba wa sentimita 20, na kila kipande kinatoka kwenye eneo moja la hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Sindano ni za milimita 4, uzi ni wa sufu unene wa kati, na kwa mkono wangu vitanzi 22 vinanipa sentimita 10, ndo maana 44. Nafuma papo hapo, mchana kwenye gari na jioni kambini, sio nipige picha alafu nikafume baadae, kwa sababu picha ya simu inabadilisha rangi sana, kijani inaikoleza na anga inaipa bluu ambayo haikuwepo.

Sharti la safari nzima ni moja: sifumi mnyama. Hakuna tembo, hakuna twiga, hakuna simba. Blanketi za wanyama zipo nyingi na wanaozifuma wana kazi nzuri, ila mi nataka ardhi yenyewe, kwamba mtu akipitisha mkono juu ya kipande asikie hapa ni tambarare, hapa ni shimo, hapa ni gome la mti. Mama mdogo, ambaye ndo alinifundisha kushika sindano na tuko nae gari moja na anafuma haraka kuliko mimi, hakubaliani. "Mwanangu, utafikaje Serengeti mwezi wa pili urudi na blanketi lisilo na nyumbu hata mmoja?" Kaka dereva akacheka akasema mama ana hoja hapo. Nimewaambia tutaona tukifika.

Sasa Tarangire. Hifadhi hii ilianzishwa 1970, ina kilomita za mraba 2,850, na uti wake wa mgongo ni ule mto ulioipa jina lake. Wakati wa kiangazi wanyama wa eneo kubwa sana la nje wanarudi mtoni kwa sababu ndo maji yaliyobaki. Sasa hivi mvua zimenyesha, kijani imejaa kila upande, na mtu angeweza kufuma kijani tupu akaridhika. Mi nimeishia kwenye mibuyu. Tumesimama chini ya mmoja (ndani ya gari, kushuka ni sehemu zilizoruhusiwa tu) nikauangalia karibu nusu saa, na ukiutazama kwa utulivu gome lake sio kijivu. Kuna kijivu, kuna rangi ya shaba, kuna zambarau imefifia sana pale jua linapopiga ubavuni. Nimeshika nyuzi mbili kwa pamoja, kijivu na ingine nyembamba ya waridi iliyopauka, nikafuma zote mbili kama uzi mmoja. Hii mbinu ya nyuzi mbili ntaitumia sana humu, manake hakuna ardhi yenye rangi moja na uzi wa dukani ni wa rangi moja.

Nikisema mshono wa mbele namaanisha ule laini unaotoa herufi V, na mshono wa nyuma ni ule unaotoa kijinundu. Mbuyu nimeufuma kwa mbavu: vitanzi vinne mbele, viwili nyuma, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari, ila mbavu zenyewe sikuziacha zinyooke, kila mistari kadhaa nahamisha kitanzi kimoja toka ubavu huu kwenda ule ili ziegemee, ndo zinavyokaa kwenye mti. Alafu katikati nimeacha bonge la mshono wa nyuma mtupu, rangi ya kutu, hilo ni kovu. Karibu kila mbuyu mkubwa hapa una makovu ya meno ya tembo, wanachubua gome wapate unyevu na nyuzinyuzi zake, na mbuyu tofauti na miti mingi una uwezo wa kuliotesha gome upya, kwa hiyo kovu linabaki limeviringika pembeni na limenona. Nilivyomaliza Mama mdogo akakipokea, akakigeuza, akaweka kidole kwenye lile kovu. "Huyu si tembo huyu?" Nikamwambia hilo ni gome. Akanirudishia bila kusema kitu.

Jambo moja la maana kwa yeyote atakayefuma hifadhini. Humo ndani huruhusiwi kuokota chochote, sio unyoya, sio jiwe, sio ganda la mbuyu, kwa hiyo kulinganisha rangi ni kunyoosha uzi dirishani na kufumba jicho nusu. Na upande wa pili, usiache chochote. Nilikuwa nakata miisho ya nyuzi, kaka dereva akaniomba niziweke zote kwenye kopo, hata zile za sentimita mbili. Ndege wa aina ya kwera wanasuka viota na wanaokota chochote kirefu, na uzi wa kiwandani haukatiki, ukizunguka mguu wa kinda unakaza kadri mguu unavyokua. Kopo limekaa mapajani kwangu toka hapo. Uzi nao uko kwenye mifuko ya kitambaa, ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima toka Juni 2019, na kusema kweli kitambaa ni bora, sufu inapumua.

Jumamosi, Ziwa Manyara

Leo fupi. Hifadhi nzima ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya ukuta wa Bonde la Ufa na ziwa, na sehemu kubwa ya eneo lake ni ziwa lenyewe likijaa. Ukiingia tu uko msituni, mikuyu mikubwa na kivuli kizito, na unashangaa msitu huu unaishije kwenye sehemu ambayo mvua yake sio ya msitu. Jibu liko chini ya miguu. Maji ya mvua ya nyanda za juu kule Ngorongoro yanazama kwenye miamba ya volkano, yanatembea chini kwa chini, yanakuja kutokea hapa chini ya ukuta kwa chemchemi. Msitu unakunywa mvua iliyonyesha kwingine.

Kipande hiki kimegawanyika wima, sio mlalo. Kushoto theluthi moja kijani iliyokolea, mbele moja nyuma moja kwa kupishana ili itoke ngozi ya vijinundu, katikati ukanda wa nyasi, kulia ziwa, laini kabisa, kijivu cheupe. Ukifuma rangi zilizokaa wima hivi kumbuka kuzungusha uzi wa zamani juu ya uzi mpya kila unapobadilisha, la sivyo kunabaki mpasuko kati ya rangi na rangi. Kwenye ukingo wa ziwa nimepitisha mstari mmoja mwembamba wa waridi.

"Hao ni flamingo," Mama mdogo akasema hata kabla sijafika nusu.

Nikamjibu hapana mama, hayo ni maji. Na kweli nilimaanisha. Flamingo wadogo hawazaliwi na waridi, wanaipata kwenye vijimea vya kijani-buluu wanavyokula, vinavyoota kwenye maji ya magadi, rangi inajikusanya kwenye manyoya. Maji ndo yamewapaka. Mama mdogo akafikiri kidogo akasema, "Sawa, lakini pasipo ndege hiyo waridi ungeionea wapi?" Kaka dereva akawasha gari.

Jumapili, kupanda Ngorongoro

Baada ya geti la Lodoare barabara inapanda ndani ya msitu, kona baada ya kona, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kwenye ile sehemu ya kutazamia kreta hatukuona kitu. Weupe mtupu. Watu wa magari mengine walikuwa wanapiga picha za weupe. Tuko kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari na baridi yake ni ya kweli, vidole vinakuwa vizito, na hapa ndo unaona faida ya sindano za mianzi, za chuma zilikuwa za baridi mpaka nikaziweka pembeni.

Jioni nimeanzisha kipande cha kreta na hiki nimekifikiria muda mrefu kuliko vyote. Ngorongoro ilikuwa mlima. Volkano kubwa, na kama miaka milioni mbili na zaidi iliyopita ilitema mpaka ikabaki tupu chini, juu pakakosa cha kushikilia, pakaporomoka ndani. Kilichobaki ni shimo lenye kina cha mita kama 600 na sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi, ukuta wake bado mzima kuizunguka yote. Sasa kitu kilichoporomoka kuelekea ndani huwezi kukifuma toka chini kwenda juu kwa mistari. Kinatakiwa kifumwe toka nje kwenda ndani.

Kwa hiyo: vitanzi 176 kwenye sindano ndefu ya waya, yani 44 mara pembe nne, unaunganisha unafuma kwa mzunguko. Mzunguko mmoja wote mbele, mzunguko unaofuata wote nyuma. Kwenye kila pembe, kila mzunguko wa mbele, unakusanya vitanzi vitatu kuwa kimoja, kwa hiyo unapunguza viwili kwa pembe, jumla nane. Mraba unajifunga wenyewe kuelekea katikati. Ukifika vitanzi vinane vya mwisho unapitisha uzi ndani yake unavuta. Mishono ya kupunguza inatengeneza mistari minne inayoshuka toka pembeni hadi katikati, na macho yenyewe yanashuka nayo. Ukifuma kwa mkono uliokaza kidogo kipande kinabonyea katikati kabla hujakiloweka, na mi sitakinyoosha sana, nataka kibaki na ule mbonyeo.

Mizunguko ya kwanza ni kijani nyeusi, huo ni msitu wa ukingoni. Mama mdogo alikuwa kajifunika kanga mbili juu ya sweta anafuma mbuyu wake (ndio, kaanza kunifuata vipande, ila wake una tembo pembeni, mdogo, kwa uzi mweusi).

Jumatatu, ndani ya kreta

Tumeshuka alfajiri kwa njia ya Seneto. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya ukingo, sisi tukapita chini yake, na ghafla ile sakafu yote ikafunguka, jua limeingia kwa pembeni, vivuli virefu, na nyasi rangi ambayo nilikuwa sijaiandalia uzi. Kijani, ndio, ila juu yake kama kuna vumbi la dhahabu kwa sababu ya vichwa vya nyasi vilivyoanza kukomaa. Nyuzi mbili tena: kijani changa na ya rangi ya majani makavu. Nilinyoosha mkono dirishani na hizo nyuzi mbili nimezisokota, nikafumba jicho nusu, zikapotea kwenye nyasi. Hiyo furaha sijui niielezeje, aliyewahi kutafuta rangi anaijua.

Mchana tumeruhusiwa kushuka pale Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko, nikakaa chini ya mti nikafuma mizunguko mingi mfululizo. Ukuta wa kreta unauona pande zote, na ukiwa umekaa chini vile unaelewa kwa nini watu wanasema wanyama wamezungushiwa, ingawa wengi wanaingia na kutoka, nyumbu na pundamilia wanapanda kuta. Twiga ndo huwaoni humu. Faru weusi wapo, tulimwona mmoja mbali sana, doa tu, na kaka dereva akazima gari tukae kimya.

Katikati nimeweka Ziwa Magadi, mizunguko michache ya kijivu na nje yake mzunguko mmoja mweupe kabisa kwa ajili ya ule ukoko wa chumvi ufukweni. Ukweli ni kwamba Magadi haikai katikati ya kreta, iko kando upande wa kusini magharibi, ila mraba unaojifunga kuelekea ndani lazima uishie mahali, na maji yote ya humu yanaishia kwenye lile ziwa kwa sababu hayana njia ya kutoka. Kwa hiyo naona ni haki yake.

Alafu kukaja swali la nyekundu. Njiani kupanda jana na leo asubuhi tulipishana na wachungaji wa Kimaasai na ng'ombe zao, shuka nyekundu kwenye ukungu, na hiyo nyekundu unaiona kilomita mbili. Ngorongoro sio hifadhi ya taifa, ni eneo la hifadhi lenye sheria yake. 1959 ndo lilitengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wanaishi Serengeti wakahamishiwa huku kwa makubaliano kwamba huku watu, mifugo na wanyamapori vitaishi pamoja. Ndo msingi wake. Toka 2022 kuna kaya zimehamishiwa Msomera kule Handeni na mjadala wake ni mzito, una mahakama ndani yake na una machozi, na mimi mwenye sindano sina cha kuumaliza. Ila nilijiuliza, nikifuma ardhi hii bila ile nyekundu nakuwa nimefuma nini? Nimefuma shimo. Nikarudi kwenye kile kipande, nikachukua uzi mwekundu na sindano ya kushonea nikapitisha mishono mifupi mifupi juu ya kijani ya ukingoni, imeachana, haijapangika.

Mama mdogo aliniona. Hakusema kitu kuhusu wanyama. Akasema tu, "Hiyo nyekundu iongeze kidogo upande huu."

Tulitoka kabla ya saa kumi na mbili jioni ndo muda wa mwisho wa magari. Usiku nimekilowesha kipande kwa maji ya uvuguvugu, nikakibana kwa pini juu ya taulo. Kwa baridi ya ukingoni na ule unyevu hakitakauka leo wala kesho.

Jumanne, Oldupai

Toka ukingoni unateremka upande wa magharibi na kila kitu kinabadilika, miti inaisha, vumbi linaanza, na barabara ina mawimbi ambayo sindano haikai kwenye kitanzi. Nilijifunika kanga mapajani juu ya uzi mweupe. Vumbi la hapa ni jepesi, ni majivu ya volkano, linaingia kwenye sufu na halitoki kwa kukung'uta.

Korongo la Oldupai ni kipande kilichojifuma chenyewe. Ukisimama pale makumbusho ukatazama chini unaona tabaka juu ya tabaka: chini kabisa lava nyeusi, juu yake kijivu na udongo uliopauka wenye majivu, alafu bendi nyekundu, ile nyekundu ya tabaka la tatu ambayo hata asiyejua jiolojia ataionyesha kwa kidole, alafu kahawia-kijivu, alafu rangi nyepesi za juu. Mistari mlalo tu. Nimeanza na nyeusi chini nikapanda juu, maana ndo utaratibu ardhi yenyewe iliofuata, kilichotangulia kiko chini. Kwa upana wa mistari sikubahatisha: nilipiga picha moja, nikaigawa kwa penseli sehemu kumi toka chini hadi juu, nikahesabu kila rangi imechukua sehemu ngapi, alafu mistari 60 ya kipande nikaigawa kwa uwiano huo huo. Picha inadanganya rangi lakini uwiano haidanganyi.

Julai 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey aliona fuvu la jamaa wa kale wa binadamu kwenye tabaka la chini la korongo hili, mumewe Louis alikuwa kalala mgonjwa kambini siku hiyo. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Nilipofika kwenye ile sehemu ya kijivu ya chini nikafuma mshono mmoja tu wa nyuma kwenye mstari wa mbele, kijinundu kimoja. Hukioni mpaka uguse. Mama mdogo alikigusa akauliza ni nini, nikamwambia, akakaa nacho kipande muda mrefu. Alafu akasema, "Kwa hiyo mtu anaingia, nyumbu haingii."

Hapo kusema kweli sikuwa na jibu la haraka.

Jumatano, Naabi na tambarare

Serengeti ni hifadhi ya taifa toka 1951, kilomita za mraba 14,763, na mlango wake wa kusini mashariki ni kilima cha Naabi. Wakati taratibu za getini zinaendelea tukapanda kile kijia cha juu ya majabali. Kule juu unaona tambarare mpaka jicho linachoka. Hakuna mti. Na sababu ya kukosa miti ni hadithi ile ile ya volkano: majivu ya milima ya nyanda za juu, na baadae Ol Doinyo Lengai ambayo bado iko hai, yalipeperushwa na upepo yakatua huku, mvua ikayayeyusha madini yake yakaganda chini ya udongo kuwa safu ngumu. Mizizi ya mti haipiti. Nyasi fupi zinaweza. Kwa hiyo ule mstari mnyoofu wa upeo unaoonekana mbali kule umechorwa na kitu kilicho chini ya ardhi.

Kipande changu kilikuwa wazi kichwani toka zamani: mistari 20 ya nyasi, mstari mmoja wa nyuma ndo upeo, iliyobaki yote anga. Vitanzi vitatu kila pembeni nafuma kwa mbele kila mstari ili kingo zisijikunje, manake kipande laini kitupu kinajiviringa. Bila mapambo. Nilikaa nikafika mstari wa 15 na nikawa naona ndo kipande bora kuliko vyote.

Alafu tukateremka kwenye tambarare na nyumbu walikuwepo.

Siwezi kusema walikuwa wangapi. Walikuwa mpaka mwisho wa macho, pande zote mbili za gari, na ndama wa rangi ya kahawia nyepesi kati yao, wengine bado miguu inatetemeka. Mwezi huu ndo wanazaa, mamia ya maelfu ya ndama ndani ya wiki chache, na wanazalia hapa kwa sababu nyasi za majivu zina kalsiamu na fosforasi ya kutosha kutoa maziwa. Sauti yao ni mngurumo usiokatika. Mama mdogo alifungua dirisha, akaweka sindano chini, na kwa mara ya kwanza toka tuanze safari hakuwa anafuma.

Kaka dereva ndo aliyesema jambo lililogeuza kipande changu, na hakuwa anaongelea kufuma hata kidogo. Alisema wazee wake waliofanya kazi huku zamani waliijua Serengeti nyingine. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na nyumbu, na ikaendelea kuua ndama kwa miongo. Walipoanza kuchanja ng'ombe kando ya hifadhi ugonjwa ukakatika kwa nyumbu pia, na toka kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakafika zaidi ya milioni moja kabla ya 1980. Wakala nyasi. Nyasi zikabaki fupi, moto ukakosa cha kuunguza, na kule kaskazini na magharibi ambako udongo unaruhusu, miti ikarudi. "Hii nchi unayoiona, dada, wameifanya wao."

Nikaangalia vidole vyangu. Nyasi niliyokuwa nafuma fupi hivi, laini hivi, ni fupi kwa sababu kuna midomo zaidi ya milioni. Kovu la mbuyu ni tembo. Waridi ya Manyara ni ndege waliokunywa ziwa. Mama mdogo alikuwa ananiambia kitu hicho hicho toka Ijumaa kwa maneno machache.

Nikamwambia, "Mama, nipangie nyumbu."

Hakushangaa. Akaomba daftari la miraba midogo, akavaa miwani, akaanza kuweka nukta. Nukta moja kitanzi kimoja cha kahawia nyeusi. Nilipotaka kuzipanga zipendeze akanizuia: "Usiwapambe. Angalia wanavyokwenda." Na wanavyokwenda ni foleni, moja nyuma ya mwingine, foleni mbili tatu zinazokatiza tambarare kwa kupinda kidogo, na wengine wametawanyika wanakula. Karibu na upeo nukta zimesongamana mpaka zinakuwa mstari mmoja wa giza. Huku chini, karibu na sisi, chache. Kwa hiyo nimeendelea toka mstari wa 16 kwa nyuzi mbili, wa nyasi na wa nyumbu, ule usiofumwa unapita kwa nyuma. Ukipita vitanzi zaidi ya vitano bila kufumwa lazima uuzungushe na uzi mwenzake, usipofanya hivyo kunabaki vitanzi virefu nyuma vinavyonasa vidole. Zile mistari za chini nilizokwisha kufuma tukaweka nukta chache kwa sindano ya kushonea, kwa kufuata umbo la kitanzi chenyewe, huwezi kutofautisha.

Sio wanyama wa kuchora. Hakuna pembe, hakuna mkia. Ukiwa karibu unaona madoa, ukikiweka kipande mbali ukafumba jicho nusu, wanatembea.

Alhamisi, Seronera

Asubuhi tulipita Simba Kopjes, yale majabali ya graniti yanayochomoza katikati ya nyasi. Ni mwamba wa zamani kuliko volkano zote tulizopita, ulikuwa chini, udongo wa juu ukaondoka, ukabaki wenyewe unachubuka kwa joto la mchana na baridi ya usiku mpaka ukawa mviringo. Nimefuma kwa mistari mifupi: unafika katikati, unageuza kabla ya mwisho, unarudi, unageuza tena, na kitambaa kinatoa nundu bila kuongeza kitanzi. Kijivu na waridi ya mbuyu wa Ijumaa. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Chui alikuwepo kwenye mti mmoja na magari yalijazana sana, tukaomba tusogee.

Hapa jua lipo, kwa hiyo mchana nimetandaza vipande vyote nje ya hema juu ya kanga. Kile cha kreta ambacho kilikuwa bado kibichi kimekauka kwa saa mbili, na mbonyeo wake umebaki.

Tumejadiliana mpangilio na Mama mdogo mpaka jioni. Vinakaa kwa kufuata njia, Tarangire kona ya chini kulia, na vinapanda kuelekea magharibi, hilo tumekubaliana. Vyote vinatazama upande mmoja isipokuwa kreta, yenyewe haina juu wala chini unaiweka unavyotaka. Amekubali mbuyu wake wenye tembo usikae karibu na wangu, uende kwenye safu ya vipande vyake, na hiyo safu itakuwepo, kwa sababu ameshaanzisha flamingo. Kuunganisha mi nataka uzi wa kijivu cha vumbi na mshono uliofichwa, yeye anataka nyeusi na mshono uonekane. Jumamosi tukirudi tunapita tena Naabi, nimemwomba kaka dereva atupe saa moja pale juu. Nukta za upeo bado nataka kuziongeza upande wa kushoto.